Mke wa Recho

Lipingo,
9 Februari 2025

Mwanangu Vitalia,

Pokea salamu zangu zikiwa bado za moto, maana huku Lipingo hata kivuli kinatoka jasho. Mimi mzima, nimenenepa mpaka mkanda umeomba likizo. Vipi mama yako na goti lake? Vipi watoto wa darasani kwako, bado wanakuogopa? Na kahawa yangu ya bondeni, imepaliliwa? Mke wangu, mama yako mdogo Beata, nitamwuliza mwishoni.

Kwanza niweke jambo moja sawa. Usiwasikilize wanaosema nililetwa huku. Mtu kama mimi haletwi. Kweli mdogo wangu Cuthbert alinisindikiza mpaka getini, akasimama pale mpaka geti likafungwa, lakini hiyo ni heshima tu ya mdogo kwa kaka yake.

Hapa panaitwa Nyumba ya Nafuu. Wapo wavuvi, yupo fundi seremala, yupo hadi karani wa mahakama, wote wamekuja kuachana na gongo, na vijana wengine unga. Mimi nipo kama mshauri. Simu zinakusanywa siku ya kwanza, hata za sisi washauri, ndiyo maana unaona mwandiko. Shule niliachia darasa la sita, walimu walikuwa wameishiwa vya kunifundisha, lakini kalamu hainisumbui. Barua anaibeba Florian, dereva wa fuso la dagaa. Ataiacha Mbinga mjini, dukani kwa Eliza, mpaka apatikane mtu wa kupanda Mbuji. Ikinuka usinisingizie.

Mkuu wetu ni Mama Mwanabibi, afisa ustawi wa jamii, mtu wa Tanga. Serikali ilimpangia huku, na sisi tukapangiwa yeye. Ni mwembamba, lakini akiita, hata mbuzi wa jirani wanakuja kujiandikisha. Dawa yake ni maigizo. Kila jioni tunakusanyika uwanjani kutunga mchezo juu ya nyumba ya mlevi, na tukiiva tutazunguka vijiji vya ziwani kuucheza. Nikaona hapa ndipo penyewe. Mimi niliyepiga ngoma ya mganda Mbamba Bay mpaka samaki wakatoa vichwa kuuliza kuna nini! Nikamwambia, "Mama, nipe mlevi. Nitamcheza mpaka mwite polisi."

Akasema hapana. Ana sheria yake: mlevi hachezi mlevi. Kila mtu anacheza yule aliyekuwa anabaki nyumbani kumsubiri. Karani kapewa mama mzazi. Fundi kapewa mtoto wa shule. Na mimi, Sixtus, mwanaume mwenye ndevu, nimepewa kitenge. Mimi ni mke!

Na mume wangu unajua ni nani? Recho, mpishi wetu. Mwanakwaya, mwanamke ambaye pombe hajawahi hata kuikanyaga. Anavaa suruali, anayumba, ananitukana kwa Kinyasa mbele za watu. Siku ya kwanza nimeomba talaka, Mama Mwanabibi akakataa.

Karatasi imekwisha, naishia hapa.

Baba yako mdogo,
Sixtus, Mshauri


Mbuji,
4 Machi 2025

Baba mdogo, shikamoo.

Barua yako imefika leo. Mwalimu mwenzangu aliisikia harufu kabla mimi sijaiona, akauliza nani kaleta kitoweo ofisini.

Huku ni baridi na ukungu, hatujambo. Goti la mama linatabiri mvua kuliko redio. Kahawa yako imepaliliwa. Sasa hivi watu wako kwenye ngolo, wanachimba mashimo ya maharage milimani, na mama mdogo Beata kamaliza upande wake peke yake, wakati vijana wa jirani bado wanalaza majani. Uliandika kwamba utamwuliza mwishoni. Nimeigeuza ile karatasi huku na huku nikiutafuta huo mwisho.

Sasa neno langu. Nicholaus wa Litumbandyosi, yule fundi wa umeme wa jua niliyekutajia, ndugu zake wamekuja kubisha hodi. Wamepokelewa vizuri. Mahari imepangwa Agosti, kahawa ikiwa imeshuka.

Baba hayupo, Mungu amrehemu. Kwa hiyo kiti chake ni chako. Unaujua utaratibu wa ukoo wetu kuliko mimi: wageni wanaleta kibuyu cha komoni, anayekaa kwenye kiti anaonja wa kwanza, ndipo binti anaitwa kutoka ndani na kuulizwa, "Hii pombe tunywe au tusinywe?" Asipoonja yule wa kwenye kiti, binti haitwi na hakuna kinachoendelea.

Wazee wamekaa kikao. Baba mdogo Cuthbert amejitolea kukaa yeye. Kasema ni kwa nia njema, na huenda ni kweli. Mimi sijajibu. Nakutaka wewe, baba mdogo, ndiye uliyenibeba mabegani siku ya kuanza shule. Lakini komoni ile ni komoni kweli, na wewe uko huko kwa sababu yake. Niambie wewe mwenyewe: utaweza?

Mama anakusalimu. Mama mdogo alikuwepo nilipoanza kuandika, sasa ametoka.

Mwanao,
Vitalia


Lipingo,
30 Machi 2025

Mwanangu mwalimu, bibi harusi mtarajiwa,

Marahaba, marahaba mpaka mwangwi wake usikike Litumbandyosi! Habari yako nimeitangaza mezani, nyumba nzima ikapiga vigelegele, hata karani wa mahakama ambaye huwa anacheka kwa kibali. Mwambie huyo Nicholaus kwamba anaoa kwenye ukoo ambao simba akipita anavua kofia.

Mimi sijambo. Juzi nimeogelea ziwani na mamba kanipisha. Wengine wanasema lilikuwa gogo. Kama ni gogo, basi ni gogo lenye adabu.

Kuhusu kiti, unauliza kama nitaweza? Kiti kile ni changu, Cuthbert akikikalia kitamtupa. Na kuonja ni nini? Ni tone moja. Nitaonja tone langu, nitafuta ndevu, nitarudisha kibuyu, basi. Mimi siku zote nimekuwa mtu wa tone moja, ni watu tu walikuwa wanaongeza.

Tuache hayo. Mchezo unaiva. Tatizo ni huyu mke ninayemcheza. Hana maneno! Nakaa kwenye kigoda, mbele yangu sahani ya ugali iliyofunikwa, nje mume anasikika anaimba. Mimi nakaa tu. Nikamwambia Mama Mwanabibi, "Huyu mwanamke hana hata neno moja la kusema? Mimi nina maneno ya kujaza ghala." Akasema, "Anayo, Sixtus. Nani amebaki wa kuyasikia?" Nikakaa.

Na huyo Recho, uongo wake! Akiingia anasema, "Nimechelewa, kulikuwa na kikao cha kahawa." Kikao gani cha kahawa kinatoa watu wakiwa na kiatu kimoja? Nilipomuuliza kautoa wapi uongo huo, akasema anaokota tu anayoyasikia jikoni tukipiga soga. Nimemwambia sasa anaokota kupita kiasi.

Nina ombi la kitaalamu, kwa ajili ya mchezo tu. Mwulize mama yako mdogo, mwanamke akikaa hivyo kusubiri, mikono yake anaifanya nini? Yangu inanishinda. Nikiiweka mapajani, Mama Mwanabibi anasema nafanana na mtu anayepigwa picha ya kitambulisho.

Ni mimi,
Sixtus, Mke wa Recho


Mbuji,
17 Aprili 2025

Shikamoo baba mdogo,

Naandika kwa kifupi, leo ni Alhamisi Kuu na kwaya inanisubiri. Wote wazima, mbuzi wako amezaa mapacha.

Swali lako nimelifikisha. Mama mdogo alicheka kwanza, akacheka sana, akarudia, "Sixtus kavaa kitenge?" Halafu akachukua panga akaenda kutafuta kuni, na kuni tulikuwa nazo. Sikumwuliza tena.

Jumapili ya Matawi tukitoka kanisani akanishika mkono. Akasema, "Mwambie anachambua maharage. Yale aliyokwisha kuyachambua."

Hiyo ndiyo salamu yake yote. Sijaongeza wala kupunguza.

"Kikao cha kahawa" mimi naukumbuka, baba mdogo. Na kile kiatu pia.

Pasaka njema.

Vitalia


Lipingo,
15 Juni 2025

Mpendwa mwanangu,

Usinihesabie kuchelewa. Kwanza Florian fuso lilimvunjikia, pili wino uliadimika, tatu nilikuwa na malaria. Sasa mzima kama chuma cha pua. Vipi mapacha wa mbuzi? Vipi mahindi? Mama yako mwambie mafuta ya taa yasipakwe kwenye goti, anipigie picha ya hilo goti nilione.

Ile siku ya mchezo wa kwanza, ungekuwepo! Tulicheza kijiji cha jirani, pale wanapoanika dagaa. Watu wakajaa mpaka wengine wakakaa juu ya watu. Recho kaingia anayumba, watoto wakamkimbia. Mimi kwenye kigoda, sahani yangu, ungo wangu wa maharage. Nikachambua. Nikamaliza, nikayamwaga tena kwenye ungo, nikaanza upya.

Vitalia, akina mama walikuwa wanacheka kitenge changu. Nilipoanza ungo wa pili wakanyamaza. Wote. Ziwa lenyewe likaacha kupiga. Halafu mmoja huko nyuma akapaza sauti, "Lala, mama! Huyo haji!" Mwingine akamjibu, "Atalalaje wewe, na mlango aukomee nani?" Wakaanza kubishana wao kwa wao, mchezo ukasimama, na wanaume waliokuwa mbele wakawa wanatazama vidole vya miguu yao. Sijawahi kupata makofi kama yale maishani, na mimi nimeshapigiwa makofi na waziri, nikikumbuka nitakueleza ni yupi.

Baada ya hapo ndipo ikaja malaria. Malaria ya ghafla. Siku kadhaa sikutoka chumbani, na wiki nyingine nikaambiwa nitazame tu wenzangu wakicheza.

Kuhusu Agosti, nimefikiri. Kile kiti cha marehemu kaka ni kidogo kwa mtu wa mwili wangu. Cuthbert ni mwembamba. Mimi naweza kukaa nyuma huko na wapiga ngoma. Wala usione ni jambo kubwa.

Wako,
Sixtus


Mbuji,
29 Juni 2025

Baba mdogo, shikamoo.

Goti la mama halipigwi picha, amesema anaomba radhi. Tunavuna kahawa, vidole vyote vyekundu. Na Florian alipita hapa jana kununua maharage.

Kafurahi kutusimulia. Alikuwepo siku ile ya mchezo. Anasema mlipomaliza, mwenyekiti wa kijiji alifuta machozi, akahutubia, akawasifu, akasema kijiji hakina tabia ya kuaga wageni mikono mitupu. Akapiga makofi, na vijana wakaleta shukrani: ndoo mbili za komoni! Florian alicheka mpaka akashika ukuta. Kijiji kizima kimelizwa na pombe, halafu kinashukuru kwa pombe, na hawakuona kosa lolote, ndivyo mgeni anavyopokelewa. Mama Mwanabibi alikuwa bado anatafuta namna ya kukataa bila kuwatukana, huku vikombe vimeshaanza kugawanywa.

Nikamwuliza nani alikunywa. Akaacha kucheka.

Kwa hiyo hiyo malaria naijua. Sitaki kuiongelea zaidi. Mama mdogo sikumwambia. Hakukuwa na haja, alikuwa amekaa palepale anachambua kahawa. Alimwuliza Florian jambo moja tu: "Amerudi kucheza?" Florian akasema, "Amerudi, wiki iliyopita alikuwa kwenye kigoda chake." Akasema, "Haya," akaendelea na kahawa yake.

Nilikwenda kwa wazee kuuliza kama wageni wanaweza kuleta togwa badala ya komoni. Mzee Frederick, baba mkubwa wa Nicholaus, hakuwa na neno. Wa kwetu ndio waliokataa: togwa ni ya watoto na wanaonyonyesha, haiposi mtu. Baba mdogo Cuthbert ameshanunua koti.

Kisha wakaniuliza, nani anakaa kwenye kiti? Nikasema Sixtus. Wakaniuliza tena, wakidhani nimekosea. Nikasema Sixtus.

Nimeshasema mbele za watu. Ukikaa nyuma na wapiga ngoma, nitatoka chumbani nije kukutoa mimi mwenyewe, na mahari ivunjike kwa sababu hiyo.

Vitalia


Lipingo,
20 Julai 2025

Mwanangu mkali,

Hasira hiyo umerithi kwangu, nakupongeza. Salamu kwa wote na kwa mapacha.

Nakuja. Mama Mwanabibi ameandika ruhusa, siku za kwenda na kurudi, na mwisho wa mwaka ndipo nimalize kabisa. Napanda na Florian mpaka Mbinga.

Na usiwe na wasiwasi, nimepata ufumbuzi ambao hata chuo kikuu hawana. Recho jukwaani anakunywa ndoo nzima na hajawahi kumeza tone. Amenifundisha. Unakutanisha midomo, unainua kibuyu, koo unalipandisha na kulishusha kama mtu anayemeza, unashusha, unasema "aah," unafuta ndevu. Nimejizoeza na maji mpaka karani wa mahakama ameapa kwamba nimekunywa. Wazee wataona nimeonja, ukoo utaridhika, wewe utaitwa, mimi nitabaki mkavu kama dagaa wa Florian. Hotuba nayo ipo, nimeitunga, inaanzia kwa babu zetu waliposhuka milimani na inagusa mataifa kadhaa.

Nilimwonyesha Mama Mwanabibi ufundi huo. Akatazama mpaka mwisho, akasema, "Umeweza. Ila jukwaani kibuyu huwa kitupu, Sixtus."

Joto limepungua huku. Upepo wa ziwani mzuri sana.

Baba yako mdogo


Lipingo,
24 Agosti 2025

Mwanangu Vitalia, mke wa mtu,

Nimefika salama, fuso limekohoa njia nzima lakini limefika. Salamu kwa Nicholaus, mwambie lile shati lake limenipendeza mno, namshukuru kwa kunipa hata kama hakukumbuka kunipa.

Nakuandikia kwa sababu ulikuwa chumbani, na mama yako alikuzibia mlango kwa mwili wake, kwa hiyo hukuona. Wameshakusimulia, najua. Cuthbert atakuwa amesimulia yake. Hii ni yangu, na utashangaa haina mamba.

Niliingia nikakaa. Kiti kilinitosha. Kulia kwangu Cuthbert na koti lake, ameketi ukingoni kama mtu anayesubiri jina lake lisomwe. Mzee Frederick akapiga magoti na kibuyu, akasema maneno mazuri, akanipa. Nikakipokea kwa mikono miwili. Macho yote kwangu, hata ya kuku.

Watu wa Litumbandyosi wanajua kupika komoni, mwanangu. Harufu yake ilinisalimu kwa jina. Nikakutanisha midomo kama alivyonifundisha Recho. Nikakiinua mpaka kidevuni. Koo likaanza kupanda na kushuka kabla sijaliamuru. Na halikuwa linaigiza.

Nikakishusha. Hotuba ikapotea yote, na babu zetu na mataifa yao. Nikasema, "Mimi hii siwezi kuionja."

Basi. Ndilo neno pekee nililokuwa nalo.

Mzee Frederick akaogopa, akauliza, "Tumekosea wapi, mzee wangu?" Nikasema, "Hamjakosea. Pombe yenu ni nzuri. Ni mimi." Wazee wetu wakaanza kunong'ona. Nikasikia mmoja anasema, "Nilisema mimi." Cuthbert akanyoosha mkono kukipokea kibuyu, na nilikuwa namkabidhi, kweli nilikuwa namkabidhi.

Mkono mwingine ukaingia katikati, umetoka kule walikokaa akina mama. Beata. Akasema, "Kaa, Cuthbert. Nyumba hii ina watu wawili." Akakichukua. Hakuonja, Vitalia, alikunywa. Akafuta mdomo kwa kitenge, akasema, "Ni tamu. Mwiteni binti."

Mzee wetu mmoja, simtaji, akauliza, "Tangu lini mwanamke anaonja?"

Akamjibu, "Tangu sasa hivi. Umeona mwenyewe."

Mzee Frederick ndiye aliyecheka wa kwanza, na aliyeleta pombe akishacheka, wenye nyumba wafanye nini? Mama yako akaachia mlango, ukatoka. Ukaulizwa. Kama ulijibu "kunyweni" au ulijibu jingine mimi sikusikia, nilikuwa natafuta leso.

Sasa lile ambalo hakuna atakayekusimulia, maana tulikuwa wawili tu, mimi na Beata. Asubuhi yake alinisindikiza mpaka Florian aliposimamisha gari. Njiani hatukuongea. Nilikuwa na maneno, unanijua, lakini niliyabeba tu. Gari lilipowashwa ndipo nikamwuliza, "Desemba nikirudi, nitakukuta?"

Akatazama fuso, akatazama mlima, akasema, "Nitapika, nitakula sehemu yangu, nitalala. Kusubiri nimeacha, Sixtus. Ukifika, gonga."

Nimepanda gari nikakaa kati ya Florian na magunia ya maharage, na mpaka tunaanza kuliona ziwa sijamsimulia uongo hata mmoja. Ameniuliza mara kwa mara kama naumwa.

Baba yako mdogo,
Sixtus